Charly Gaul hakupotea msituni

Charly Gaul alipoachana na mbio za baiskeli mwaka 1965, alifungua mkahawa karibu na stesheni ya reli jijini Luxembourg, akauchoka baada ya miezi michache, kisha akahamia kibanda katika msitu wa Ardennes. Aliishi huko miaka mingi bila kutaka mgeni. Magazeti yakamgeuza kioja: bingwa wa Tour de France aliyerukwa na akili. Hadithi hiyo inauzika sana, lakini ukipitia alivyoshindana utaona kwamba mkaa msituni na mpanda milima ni mtu yuleyule.

Gaul alizaliwa mwaka 1932 na alifanya kazi ya machinjioni kabla ya kuanza kulipwa kwa mbio mwaka 1953. Alikuwa mwembamba, akizungusha pedeli upesi kwa gia nyepesi, na baridi iliyowatesa wenzake yeye ilimfaa. Joto ndilo lililomshinda. Tarehe 8 Juni 1956, katika Giro d'Italia, msafara ulikuwa na kilomita 242 za kwenda kutoka Merano hadi juu ya Monte Bondone. Theluji ikaanguka. Karibu nusu ya washindani waliacha mbio, akiwemo Pasquale Fornara aliyekuwa amevaa jezi ya pinki ya kinara. Gaul, ambaye asubuhi ile alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 16, alipanda peke yake na kumwacha wa pili kwa karibu dakika 8. Alifika amekufa ganzi. Ilibidi ashushwe kwenye baiskeli, jezi ikatwe mwilini, atiwe kwenye maji ya moto. Giro ikawa yake. Katika Tour ya 1958 alirudia: mvua ilinyesha kwenye milima ya Chartreuse, naye akafuta kwa siku moja sehemu kubwa ya dakika zaidi ya 15 alizokuwa ameachwa na Raphaël Geminiani. Wakati huo Tour ilishindaniwa na timu za mataifa, na kwa kuwa Luxembourg haikuwa na watu wa kutosha, alichanganywa na Waholanzi. Hata timu yake haikuwa yake hasa.

Wajuzi watapinga kwamba mbio hizi ni mchezo wa timu, na kwamba kujitenga kulimponza. Ni kweli, na Giro ya 1957 inatosha kuthibitisha. Akiwa na jezi ya pinki, Gaul alisimama kando ya barabara kukojoa. Louison Bobet na Gastone Nencini wakachomoka, na hakupata mtu wa kumrudisha mbele. Jezi ikaenda. Siku iliyofuata aliamua kumsaidia Nencini, si kwa mapenzi bali kumkomoa Bobet, na Bobet akaikosa Giro kwa sekunde 19. Hasira ya namna hiyo haikuanza msituni.

Wengine huzilaumu dawa za kuongeza nguvu. Enzi zile zilitumiwa na wengi, na Tour ilianza kuwapima wapanda baiskeli mwaka 1966, yeye akiwa ameshastaafu. Lakini kama dawa ndizo zingekuwa sababu, Ardennes ingejaa mabingwa wa rika lake. Sidai kwamba kibandani kulikuwa raha. Ndoa zake mbili zilikuwa zimevunjika, na huenda huzuni ilikuwepo. Ninachokataa ni kuichukulia huzuni kuwa wazimu. Mwaka 1983 alirudi mjini, akaoa tena, akapata binti, akaajiriwa kutunza nyaraka katika wizara ya michezo. Tour ilipoanzia Luxembourg mwaka 1989 alihudhuria, na baadaye akawa rafiki wa Marco Pantani, mpanda milima mwingine asiyependa makundi. Alifariki Desemba 2005, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 73, akiwa ameishi miaka zaidi ya 20 mjini tangu atoke msituni, ingawa hiyo miaka haisimuliwi sana.