Mrija ndani ya moyo: tuulize nini mbele ya kukubali?



Wiki iliyopita mama mmoja wa kundi letu alituletea karatasi ya munganga. Mume wake anaumwa kifua kila anapopanda kilima, na munganga anataka afanyiwe koronarografi. Jamaa inataka kuuza shamba kwa ajili ya safari ya Nairobi, lakini wazee wanasema: "Moyo ukiguswa, mtu harudi." Tulikaa naye, tukauliza wauguzi wetu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kipimo hiki hakipasui kifua. Munganga anatia ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, anapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, halafu anaingiza dawa inayoonekana kwenye picha za radio. Akikuta mshipa umeziba, anaweza kuupanua kwa puto dogo. Andreas Grüntzig alifanya hivyo mara ya kwanza kule Zurich, mwaka 1977.

Hatari zipo? Ndiyo. Inayotokea zaidi ni damu kuvilia pale mrija ulipoingia. Kwenye mkono damu inatoka kidogo kuliko kwenye kinena. Dawa ya picha inaweza kuwasha mwili au kuumiza figo, zaidi kwa wazee na wenye ugonjwa wa sukari. Kiharusi, shambulio la moyo na kifo vinaweza kutokea, lakini kwa kipimo peke yake mambo hayo makubwa hayafikii mtu 1 kwa 100. Kupanua mshipa kuna hatari kidogo zaidi.

Basi tuulize: Mtapitia mkono? Figo zimepimwa? Vidonge peke yake havitoshi? Kwa maumivu yanayokuja wakati wa kazi tu, mara nyingi vidonge vinasaidia vizuri. Lakini maumivu yakishika mtu akiwa amepumzika, tusingoje: hospitali mara moja.

Na mshipa ukiwekewa stenti, dawa za kuzuia damu kuganda hazikatwi bila ruhusa ya munganga. Stenti inaweza kuziba ghafla. Kwa hiyo tuhesabu pesa ya dawa za miezi mingi, si ya safari tu.

Mama yetu aliandika maulizo haya kwenye daftari, akarudi kwa munganga pamoja na mume wake. Figo zinapimwa kwanza. Shamba bado halijauzwa.