Upepo Usio na Jina

Upepo hutangulia. Saa tisa alasiri, mwezi wa nne, ukiwa umesimama kwenye mteremko wowote wa Bulengera, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, utauhisi shingoni kabla hujaona tone la mvua: baridi ya ghafla, kama mtu amefungua mlango wa ghala nyuma yako. Majani ya migomba yanageuka upande wake mweupe. Vumbi la barabara linanyanyuka na kukimbia kuliko pikipiki, motari wanasukumana chini ya baraza la duka, na kutoka ua wa jirani sauti inaita, "Mama, anua nguo!" Tangu hapo mpaka bati la kwanza lianze kupiga makofi ni dakika kumi. Pengine tano.

Kesho yake, paa likiwa limelala katika shamba la mtu mwingine, watu watasema kimbunga kimepita. Neno limezoeleka na simlaumu anayelitumia. Ila kimbunga chenyewe ni mnyama mwingine kabisa, na anayedhani anajikinga na huyo atajiandaa vibaya kwa huyu aliyemfikia.

Kimbunga huzaliwa baharini. Magharibi mwa Pasifiki wanakiita taifuni, Atlantiki hariken, na kwetu upande wa Bahari ya Hindi ndicho kimbunga, au saikloni. Ni kitu kimoja: gurudumu la mawingu lenye upana wa mamia ya kilomita, linalokula joto la bahari iliyofika nyuzi 26 na nusu hivi, na upepo ukishafika kilomita 119 hivi kwa saa ndipo Wafilipino wanapoliita taifuni. Gurudumu hilo huenda polepole. Setilaiti inaliona siku kadhaa kabla, linapewa jina kutoka orodha iliyotayarishwa, na kila mamlaka ya hewa inalifuata kama polisi anavyofuata lori bovu. Hidaya, Mei 2024, ilitangazwa kabla haijagusa nchi kavu. Boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na tarehe 4 ikaingia karibu na kisiwa cha Mafia. Onyo, hata hivyo, halitoshi peke yake. Idai ilionekana mapema vilevile, lakini ilipopiga Beira Machi 2019, zaidi ya watu 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.

Zanzibar ya mwaka 1872 haikuwa na setilaiti. Tarehe 15 Aprili kimbunga kiliingia Unguja, kikazamisha majahazi bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ikawa mali ya Pemba kuliko ya Unguja. Upepo wa siku moja ukahamisha uchumi kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Sasa, mbona Bulengera haijapata kuona kitu cha namna hiyo? Jibu la haraka ni kwamba bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 1,000. Ni kweli, lakini jibu tamu zaidi liko chini ya miguu yetu. Hata bahari ya moto ingejaa hadi chini ya vilima vya Butembo, kimbunga kisingezaliwa hapa. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, kilomita zisizofika 20 kusini mwa mji.

Fikiria mtu aliyesimama juu kabisa ya ncha ya kaskazini ya dunia. Katika siku moja atageuzwa mzunguko mzima pale pale alipo, kama sukari inayokorogwa kikombeni. Wewe uliyesimama Bulengera unabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, lakini hugeuzwi hata kidogo. Upepo nao ni hivyo hivyo. Mbali na ikweta, hewa inayokimbilia mahali penye mgandamizo mdogo hupindishwa njiani na mzunguko wa dunia. Haifiki moja kwa moja, inazunguka, na gurudumu linaanza. Karibu na ikweta hewa inakwenda moja kwa moja na kulijaza shimo kabla halijawa gurudumu. Ndiyo maana vimbunga karibu vyote huzaliwa nyuzi tano au zaidi kutoka ikweta, yaani kilomita 550 hivi. Kimoja kilichosogea sana ni taifuni Vamei, Desemba 2001, iliyoumbika karibu na Singapore kwenye nyuzi moja na nusu tu, na wataalamu wa hewa bado wanaisimulia kama muujiza.

(Wafanyabiashara wa Butembo wanaopita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, huenda wamewaona vijana wenye mabeseni. Wanamimina maji hatua chache kaskazini mwa mstari yakazunguka huku, hatua chache kusini yakazunguka kule, kisha wanaomba pesa. Ni mchezo wa mkono. Nguvu inayopinda taifuni haiwezi kupinda beseni, tena hatua chache kutoka ikweta ambako yenyewe karibu haipo.)

Basi kilichong'oa paa ni nini? Ni radi na mvua ya kilima, kazi ya saa moja. Asubuhi jua linachemsha unyevu wa msitu wa Kongo na wa bonde la Ziwa Edward. Hewa hiyo inapanda, vilima vinaisukuma ipande zaidi, na kufika alasiri wingu limesimama kama mnara wenye kichwa bapa. Ndani yake maji na barafu vinakusanyika mpaka hewa inayopanda inashindwa kuvibeba. Vinaanguka, na vinashuka na hewa baridi nzito. Hewa hiyo ikigonga ardhi inatawanyika pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Ile baridi uliyoihisi shingoni ndiyo ukingo wa maji hayo. Inaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na katika korongo jembamba ikaongeza kasi.

Urefu wa nchi unaongeza mvua ya mawe. Juu ya ikweta maji huanza kuganda hewani karibu na mita 4,800, kidogo chini ya vilele vyenye theluji vya Ruwenzori. Punje ya barafu inayoanguka pwani ina safari ya kilomita karibu tano za kuyeyukia. Butembo, iliyo juu ya mita 1,700, imekatiwa theluthi ya safari hiyo. Muulize mama yeyote mwenye maharagwe yaliyokuwa yanatoa maua.

Na radi. Hesabu za setilaiti zilizokusanywa kuanzia 1998 hadi 2013 ziliiweka Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani: mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu, lenye 233. Wako wanaosema radi hutumwa. Sitabishana nao hapa. Ninachojua ni kwamba iliyotumwa na isiyotumwa hupenda njia moja, kitu kirefu, chenye maji ndani, kilichosimama peke yake. Mkaratusi kandokando ya njia ni hayo yote matatu. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Gari lililofungwa linakinga kuliko nyumba ya tofali isiyo na waya wa ardhini. Ukiwa ndani ya nyumba, achana na simu iliyochomekwa kwenye nyaya za sola ya paani. Mwezi wa sita 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, na kuua wanafunzi wasiopungua 18. Walikuwa darasani.

Tofauti na taifuni iko hapa: taifuni inakupa siku za kununua misumari. Upepo wa Bulengera hauna jina, hauna ramani, na ukiuona umechelewa. Kila kinachoweza kufanyika kinafanyika siku ya jua.

Tuanze na bati. Watu hudhani upepo hulisukuma. Kwa kweli hulivuta. Hewa inayopita mbio juu ya paa hupunguza mgandamizo wake pale juu, na iliyoingia kwa mlango inasukuma kutoka chini, paa likanyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo ufunge mlango na dirisha la upande unaotoka upepo. Kisha kingo: hapo ndipo bati huanza kung'oka, basi kwenye ukingo wa chini na kwenye kilele kila mgongo wa bati upate msumari wake wenye kichwa kipana, hata kama katikati umeruka mmoja. Na mbao za paa zifungwe kwa waya mnene unaoshuka ndani ya ukuta mistari mitatu minne ya tofali, si kulazwa juu tu. Mawe yanayowekwa juu ya bati hayashiki kitu. Siku bati likiondoka, yanaondoka nalo.

Hapo ndipo mazungumzo ya kawaida ya ujenzi huharibika. "Papa fundi, mbona huku hujapiga misumari?" "Mama, kilo ulizonunua zimekwisha." Nyumba ya vyumba vitatu, na kilichobaniwa ni kilo mbili za misumari.

Maji nayo hayasahauliki. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 40 ikinyesha, linatoa lita 1,920. Ni mabidoni 96 ya lita 20, yote yakimwagwa ndani ya saa moja kwenye mstari mmoja wa ardhi, na kwenye mteremko mstari huo unaelekea kwa jirani wa chini. Mifereji mingi inayokula njia za mji ilianza kama matone ya paa la mtu. Pipa, hata moja, na mtaro uliojengwa kwa mawe hadi kwenye mfereji wa wote, ni ujirani mwema kuliko salamu. Milima ikishavuliwa miti, hesabu hiyo hubadilika kuwa kitu kingine: tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mito ya Kalehe, Kivu ya Kusini, ilishuka na mawe na kuzika Nyamukubi na Bushushu. Waliokufa walipita 400.

Mvua ikikatika, watoto hutangulia migombani kukusanya mabati. Kila mwenye nyumba analijua la kwake kwa matundu. Lililokunjika hunyooshwa kwa rungu juu ya gogo, lakini tundu la zamani halishiki tena msumari. Bati lisogezwe vidole viwili, lipigwe upya kwenye mgongo, na tundu lile lizibwe kwa lami kabla ya saa tisa ya kesho.