Kusamehe si Kunyamaza

Wengine kati yetu hufikiri kwamba Mkristo aliyesamehe hapaswi kwenda tribinali. Tukumbuke ndugu zetu wa Fizi. Siku ya Bonane, tarehe 1 Januari 2011, askari waliingia mjini, wakapora na kubaka wanawake. Akina mama hawakunyamaza. Tribinali ya kijeshi ilisafiri mpaka Baraka, kando ya ziwa letu, na wanawake 49 wakatoa ushuhuda. Mwezi wa pili, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 ya gereza. Wenzake kadhaa pia waliadhibiwa.

Hukumu ile iliwaadhibu watu kwa majina, si kabila. Mwenye kosa asipohukumiwa, kabila lake lote hulipishwa: jirani sokoni, mtoto shuleni. Hapo ndipo chuki huzaliwa.

Hata Paulo alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25). Kusamehe huondoa kisasi moyoni, hakufuti ushahidi. Basi mama aliyeumizwa akitujia, tusimwambie anyamaze. Tumwombee, tumfikishe hospitali upesi, tutunze karatasi ya daktari, kisha tumsindikize kwa avoka.