Mabingwa wa Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika halibembelezi chombo. Kusi likivuma wakati wa kiangazi, mawimbi hupanda mafupi, yamesimama, yanafuatana bila nafasi, mpaka yanapasukia ufukoni Bujumbura. Hapo umbo la chombo ndilo huamua nani anafurahia safari na nani anatapika. Washindi ni hawa.

1. Uwanja mrefu kuliko vyote: ziwa lenyewe
Kilomita 673: hakuna ziwa la maji baridi duniani linaloufikia urefu huo. Ni karibu mara saba ya safari ya Bujumbura hadi Gitega. Kina chake ni mita 1,470, na Baikal peke yake ndiyo inayolishinda. Sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari!

2. Mkongwe na mrefu: Liemba
Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingia majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ina urefu wa mita 71: ilaze katika uwanja wa mpira wa Intwari, itameza theluthi mbili ya uwanja. Urefu wa meli ndio siri ya utulivu wake. Wimbi linalorusha mtumbwi juu, Liemba inalikanyaga na mengine mawili kwa mpigo. Mwaka 2015 ilivusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma.

3. Wepesi kuliko wote vitani: Mimi na Toutou
Boti mbili za Waingereza za mita 12, sawa na basi kubwa, zenye mwili wa mbao za mahogani. Zilikokotwa nchi kavu kuvuka milima ya Kongo mwaka 1915. Mzinga wa mbele ulipaswa kupigwa mbele moja kwa moja tu, maana mshindo wa pembeni ungeipasua boti. Kwa hiyo ilikuwa lazima kufukuza. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiandama Kingani, boti ya vita ya Wajerumani, kwa nyuma, upande ambao mzinga wake haukufika, zikaikamata kwa dakika 11.

4. Imara kuliko vyote: katamara
Ilianza kuonekana Burundi miaka ya 1950: vyombo viwili sambamba, miti juu yake, wavu katikati, taa zikiwavuta ndagala usiku usio na mwezi. Wavuvi husimama wima na kuvuta kwa nguvu zote bila chombo kulala upande. Kugeuka ni kazi, na mwendo ni wa kobe, lakini nani anayejali wavu ukipanda umejaa? Apolo, katamara kubwa zaidi, hubeba wavu mpana zaidi.

5. Mwembamba kuliko wote: mtumbwi
Gogo moja lililochongwa, kiuno kinaenea kwa shida. Unakaa chini kabisa, kila mtikisiko unausikia mgongoni. Lakini kusi likikushika kwa nyuma, unaacha kupiga kasia, unalilaza majini kama usukani, na mtumbwi unateleza wenyewe juu ya wimbi hadi mchangani. Kwa utulivu, kombe ni la Liemba. Kwa mavuno, la katamara. Kwa raha, huyu hana mpinzani!