Fahamu Programu ya Git Inayokufaa Kabla ya Kuipakua

Vijana wengi wanaojifunza kuunda programu za kompyuta huhifadhi kazi yao kwa kunakili folda nzima kila siku. Faili moja ikifutwa kimakosa, kazi ya wiki nzima huweza kupotea.

Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, huondoa tatizo hilo. Huweka kumbukumbu ya kila badiliko analohifadhi mhusika, ili aweze kurudi nyuma akikosea. Kazi huhifadhiwa kwenye kompyuta yenyewe bila intaneti. Bando huhitajika tu wakati wa kupakia kazi mtandaoni au kupakua ya wenzake.

Kwa kawaida Git huendeshwa kwa kuandika amri. Asiyezizoea anaweza kutumia programu yenye vitufe na michoro. Zilizo maarufu ni hizi:

• GitHub Desktop: Ni ya bure na ina vitufe vichache, hivyo inamfaa anayeanza. Ina matoleo rasmi ya Windows na macOS pekee.

• Sourcetree: Ni ya bure na hutolewa na kampuni ya Atlassian. Huonyesha historia ya mradi kwa undani zaidi, ila wingi wa vitufe unaweza kumchanganya mgeni. Nayo haina toleo la Linux.

• TortoiseGit: Ni ya bure, ya Windows pekee. Hutumiwa kwa kubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Sharti Git yenyewe isakinishwe kando.

• GitKraken: Hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Michoro yake ni rahisi kufuata, lakini lazima kulipia ili kuitumia kwa miradi ya siri iliyo mtandaoni.

• Git Cola: Ni ya bure, nyepesi, na inamfaa mtumiaji wa Linux.

Zote hutumia Git ile ile. Anayehama kutoka moja hadi nyingine hapotezi historia ya kazi yake, na wanakikundi wanaweza kutumia programu tofauti katika mradi mmoja.

TAHADHARI: Hakuna programu kati ya hizi inayochukua nafasi ya uangalifu. Nywila, funguo za mfumo wa malipo au orodha ya wateja zikipakiwa kwenye mradi ulio wazi, yeyote anaweza kuzisoma. Kufuta faili baadaye hakutoshi, kwa kuwa nakala yake hubaki kwenye historia. Ufunguo uliovuja ubatilishwe mara moja na kuombwa mwingine. Majina na nambari za simu za wateja, kwa upande wake, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Ili kuzuia hayo, orodhesha faili za siri katika faili iitwayo .gitignore kabla ya kuhifadhi kazi kwa mara ya kwanza, kisha kagua orodha ya mabadiliko kila unapotaka kupakia.