Uanaume Hufundishwa, na Ukatili Nao Hufundishwa

Mtoto wa miaka mitano ameanguka, goti linachuruzika damu. Akiwa wa kike, hubebwa na kubembelezwa. Akiwa wa kiume, huambiwa: "Nyamaza! Mwanamume halii." Hapo hujifunza kuwa maumivu na hofu ni aibu. Hasira peke yake ndiyo haijakatazwa.

Hivyo ndivyo jamii inavyojenga uanaume. Wanasosholojia hawakanushi kwamba upo mwili wa kiume. Wanachosema ni kwamba mwili huo haumwagizi mtu atawale wenzake wala asiguse sufuria. Raewyn Connell wa Australia, katika kitabu chake cha mwaka 1995, Masculinities, alieleza kwamba ndani ya jamii moja kuna namna nyingi za kuwa mwanamume, ila moja hukwezwa na kufanywa kipimo cha wote.

Wapo wanaoamini kuwa ukatili umo katika damu ya mwanamume. Kweli, zaidi ya asilimia 90 ya washukiwa wa mauaji duniani ni wanaume, na wengi wa wanaouawa pia ni wanaume. Lakini nchini Japani mauaji hayafikii hata 1 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Afrika Kusini yanapita 30. Homoni za wanaume wa nchi hizo ni zilezile. Maisha na malezi ndiyo yanayotofautiana.

Tazama Kisii, magharibi mwa Kenya. Zamani vijana wa Kigusii walijipatia heshima kwa kulinda ng'ombe katika kambi za mifugo zilizoitwa ebisarate, na kwa vita. Wakoloni wa Kiingereza walizivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Kodi waliyotoza kwa kila nyumba ikawasukuma wanaume kwenda kutafuta vibarua, wengine kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na kipimo kikageuka: mwanamume ni yule aletaye fedha. Baadaye watu wakaongezeka, ardhi ikagawanywa vipande vipande, ajira zikaadimika. Mwanaanthropolojia Margrethe Silberschmidt wa Denmark, aliyefanya utafiti huko, aliwakuta wanaume waliobaki na cheo cha kichwa cha nyumba huku mzigo wa familia ukiwa umewaelemea wake zao. Wengi waliitafuta heshima yao katika pombe, nyumba ndogo na kipigo.

Kwa hiyo, mara nyingi anayepiga ni yule anayeona mamlaka yanamponyoka na kuamini kwamba ni haki yake kuwa nayo. Umaskini si udhuru: wapo mafukara ambao hawajawahi kumwinulia mke mkono, na wapo matajiri wanaopiga. Tatizo ni imani kwamba mume asiyetiiwa si mwanamume. Imani hiyo tunaibeba sote. Katika utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa 2015–16, asilimia 58 ya wanawake na 40 ya wanaume walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga.

Habari njema ni kwamba mafunzo hubadilika. Nchini Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwakutanisha kina baba vijana na wenzi wao, wakaongozwa na kina baba wenzao wa hapohapo mtaani. Walizungumzia bajeti ya nyumba, malezi ya mtoto, na jinsi ya kugombana bila kupigana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wa kundi hilo walipigwa na waume zao kwa kiwango cha chini sana kuliko wa kundi lililolinganishwa nalo.

Nasi tunaweza kuanzia kliniki. Kliniki za wajawazito nchini Tanzania tayari huwaita kina baba waje kupimwa Virusi vya Ukimwi pamoja na wake zao. Wakishafika, wasiachwe waondoke na majibu ya vipimo tu. Wafundishwe pia malezi na kuishi bila kipigo, na serikali ilitengee jambo hilo bajeti, kwa sababu ukatili wa nyumbani nao ni ugonjwa unaoua na unaokingika.