Kufuta jina hakutoshi

Wengi kati yetu tunafanya anketi. Mseminari anaandika juu ya ndoa katika parokia, katekista anahesabu wagonjwa wa kijiji. Kisha tunatoa fishi zetu kwa watu wote, tukisema: «Hatukuandika jina la mtu, siri imelindwa.» Je, ni kweli?

Katika miaka ya 1990, huko Massachusetts, Marekani, ofisi ya bima ya watumishi wa serikali iliwapa wachunguzi fishi za hospitali. Majina yalifutwa, nazo anwani pia. Gavana William Weld akawahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Lakini mwanafunzi mmoja, Bi Latanya Sweeney, aliona kwamba tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta ya mtaa, na kama mgonjwa ni mume au mke, zilibaki. Mambo hayo matatu yaliandikwa vilevile katika daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge, pamoja na majina. Alilinunua kwa dolari 20, akalilinganisha na fishi. Watu sita tu walizaliwa siku moja na gavana; wanaume walikuwa watatu; mmoja tu alikaa mtaa ule. Basi magonjwa ya gavana yakajulikana.

Kila jambo peke yake halisemi kitu. Yakikutana, yanamtaja mtu. Mwaka 2000 Sweeney alihesabu kwamba kwa mambo hayo matatu Wamarekani 87 kwa mia wangeweza kutambulika. Hesabu nyingine ya mwaka 2006 ilisema 63. Hata hao ni wengi mno.

Kwetu daftari la kununua halihitajiwi: kijiji chenyewe ni daftari. Andika «mjane, miaka 34, mama wa mapacha, mwimbaji wa koro», kisha «anameza dawa za sida». Nani hatamjua?

Afadhali kuandika «miaka 30 hadi 40», kuunganisha vijiji vitatu kuwa kimoja, na kuangalia kwamba kila mstari unafanana na mingine mitano au zaidi. Lakini angalia tena: kama wote wana ugonjwa uleule, siri imekwisha kutoka. Hapo mistari ile ibaki nje ya kitabu, hata kama profesa atanung'unika.